Mtoto hageuki ukimwita, hakutazami machoni: je, ni usonji?

Wasiwasi huu karibu kila mara unaanza na kitu kidogo. Mtoto anazungusha vifundo vya mikono na miguu muda wote kama mtu anayefungua bomba. Anakodolea feni macho kuliko anavyomtazama mama yake. Ukimbeba anaangalia juu ya paji lako la uso, kwenye nywele huko, macho yenu hayakutani. Anatikisa kichwa kushoto kulia bila sababu. Unamwita jina wala hageuki. Akifurahi anapigapiga mikono hewani. Basi unaingia mtandaoni kutafuta, na baada ya klipu mbili tatu simu yenyewe inaanza kukuletea nyingine za wazazi wanaosema hizi ndo dalili nilizozipuuza, ukija kushtuka ni saa nane usiku na mwenye mambo yake amelala fofofo hana habari.

Niseme mapema ninachokiamini halafu tukichambue. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, usonji hauonekani sana kwenye vituko anavyofanya. Unaonekana zaidi kwenye vitu ambavyo kwa umri wake ungetegemea awe anavifanya na bado havijaja, au vilikuja vikapotea, na vingi vya vitu hivyo ni vya watu wawili, yeye na wewe. Mzazi mwenye hofu anaangalia mikono ya mtoto, mtaalamu anaangalia kinachopita kati ya mtoto na mtu mwingine. Ndo maana unaweza kukuta mzazi amehangaika miezi na mtoto ambaye hana shida yoyote, na mwingine ametulia kabisa na mtoto anayehitaji msaada, kisa tu mtoto halii, hasumbui, anakaa peke yake na kitu kimoja saa nzima, kila mtu anasifu "huyu mtoto ana adabu".

Kwanza usonji wenyewe. Ni namna ubongo unavyokua tofauti, na tofauti hiyo inaanza mapema sana, kwa sehemu kubwa kabla hata mtoto hajazaliwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi una mchango mkubwa, asilimia 80 hivi. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi uliotoka 2013 unataka mambo ya makundi mawili yawepo kwa pamoja: ugumu kwenye mawasiliano na mahusiano na watu, na pia tabia au mambo ya kujirudiarudia, yaani miondoko ya aina moja, kushikilia utaratibu uleule, kupenda kitu kimoja kupita kiasi, au hisia kali au hafifu kuliko kawaida kwa sauti, mguso, mwanga. Yote mawili, sio moja. Kupigapiga mikono peke yake ni kitu kimoja tu cha kundi la pili, na tena kitu ambacho watoto chungu nzima wasio na usonji wanacho.

Takwimu nazo zinatisha watu bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Marekani, ambako wanatafuta kwa bidii sana, walihesabu mtoto 1 kati ya 31 kwa watoto wa miaka 8 mwaka 2022. Sehemu kubwa ya kupanda kwa namba inatokana na maana ya usonji kupanuliwa na watu kupimwa zaidi. Hata ukichukua ile namba kubwa kabisa, watoto 30 kati ya 31 hawana. Hesabu inabadilika kama mtoto ana kaka au dada aliyeshagundulika, hapo uwezekano unafika karibu mtoto 1 kati ya 5, na mtoto wa namna hiyo anastahili kufuatiliwa kwa karibu hata kama hana dalili yoyote, bila kusubiri mama awe na wasiwasi.

Sasa turudi kwenye vile vituko, maana najua ndo vilivyokuleta.

Kuhusu macho. Mtoto mchanga kabisa anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na mwezi wa kwanza macho yake yanavutwa na mistari yenye tofauti kali ya mwanga na giza. Kwenye uso wa binadamu, mstari mkali kuliko yote ni pale nywele zinapokutana na paji la uso. Kwa hiyo anaangalia hapo. Hakukwepi, anaangalia sehemu inayoonekana zaidi kwake. Akikaribia miezi miwili anaanza kushuka ndani ya uso, macho na mdomo, na karibu na hapo ndipo tabasamu la kwanza la kweli linakuja, lile la kukujibu wewe, sio la usingizini. Feni, taa, dirisha lenye nondo, ni habari ileile ya mwanga na giza, na feni ina faida ya ziada kwamba inatembea na haimdai chochote. Uso wako unamdai. Uso unacheka, unaongea, unabadilika, unataka majibu, na mtoto wa miezi 3 akishiba hayo yote anageuza kichwa pembeni kupumzika. Kugeuka huko ni njia yake ya kujituliza, na ukimpa sekunde kadhaa ukanyamaza mara nyingi anarudi mwenyewe. Shida ni kwamba mzazi mwenye hofu hampi hizo sekunde. Anamfuata na uso wake huko alikogeukia, anamwita, anapiga makofi, mtoto anazidi kugeuka, mzazi anazidi kuamini kuwa mtoto anakwepa macho. Hapo nani kamkwepesha nani?

Kuzungusha mikono na miguu, kuitazama mikono yake mwenyewe (hiyo ya miezi 2 mpaka 4 ni ya kawaida kabisa, anagundua kuwa ana mikono), kutikisa kichwa akiwa na miezi 6 kuendelea, kujitingisha mbele nyuma akishaanza kukaa, kupiga mikono akiona chupa inakuja, kutembea kwa ncha za vidole vya miguu anapoanza kusimama: watoto wengi sana wanapita humo. Mwili unajifunza kujitumia. Mtaalamu anaanza kujiuliza pale ambapo mwondoko unachukua muda mwingi wa mtoto, unaendelea umri ukisonga, ni vigumu kumtoa humo, na juu ya yote, ule upande wa mawasiliano nao unachechemea. Bila huo upande wa pili, huo mwondoko ni mwondoko tu.

Ila kuna mwondoko mmoja ambao sitaki uusome haraka haraka. Kama mtoto, hasa wa kati ya miezi 3 na 12, anakunja mwili ghafla, kichwa kinainama au mikono inarushwa mbele, sekunde moja mbili anaachia, halafu inarudi tena na tena kwa mfululizo, mara nyingi akiamka usingizini, hiyo usiiulize kama ni usonji wala usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Inaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga ambayo kwa nje inaonekana ndogo, watu wanaidhani ni kushtuka au tumbo linamsokota, kumbe inaumiza ubongo na kila siku ya kuchelewa matibabu ina gharama yake. Mrekodi video, nenda hospitali siku hiyohiyo, waonyeshe video. Nimeiweka hapa katikati makusudi kwa sababu wazazi wakishazama kwenye usonji kila kitu wanakipeleka huko, na hiki hakitakiwi kupelekwa huko.

Haya, kama sio mikono, tuangalie nini?

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Julie Osterling na Geraldine Dawson, walifanya kitu kimoja chepesi ambacho mpaka leo nakipenda. Walikusanya video za nyumbani za sherehe ya kutimiza mwaka mmoja, za watoto 11 ambao baadaye waligundulika na usonji na 11 wengine wasiokuwa nao. Yaani keki, ndugu, kelele, mtu anashika kamera inacheza cheza. Waliokuwa wanazipitia hizo video hawakuambiwa nani ni nani. Wakahesabu tabia nyingi, na zilizotofautisha makundi zikawa nne: kutazama nyuso za watu, kugeuka ukiitwa jina, kunyoosha kidole, na kuonyesha watu vitu. Kwa hizo nne tu waliwapanga sawasawa watoto 10 kati ya 11 kila upande. Tazama hiyo orodha vizuri. Hakuna kituko hata kimoja ndani yake. Zote nne ni za kumhusisha mwenzako, na kilichotofautisha watoto ni kwamba hazikuwepo, au zilikuwa chache.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "anafanya nini cha ajabu", uliza "tunapokezana?". Miezi miwili ukimchekea anacheka? Miezi minne anakuita kwa sauti, anakusubiri ujibu, anaendelea? Miezi 6 anafurahi akikuona wewe kuliko mtu baki? Miezi 9 ana sura tofauti tofauti, za hasira, mshangao, furaha, na anatoa ba-ba-ba au ma-ma-ma? Mwaka mmoja anapunga mkono wa kwaheri, ananyoosha mikono abebwe? Halafu inakuja hii ambayo kwangu ndo nzito kuliko zote, kunyoosha kidole, na hapa kuna vidole viwili tofauti. Kuna kidole cha "nipe kile", mtoto anataka biskuti, wewe ni mkono wake mrefu tu. Na kuna kidole cha "ona kile!", ndege imepita, paka kapanda ukuta, mtoto anaonyesha, anageuka kukuangalia kama umeona, anarudi kuangalia paka. Hataki paka. Anataka muone wote. Hicho cha pili kinatarajiwa kiwepo ifikapo miezi 18 kwa watoto walio wengi, na kikikosekana daktari anakisikiliza kwa makini hata kama mtoto ana maneno kumi. Kinyume chake, mtoto wa miezi 18 mwenye maneno matatu lakini anakuvuta nguo, anakuonyesha, anakuletea viatu uone, anakuigiza unavyoongea na simu, huyo lugha yake ifuatiliwe, masikio yapimwe, ila picha yake ni nyingine.

Na tusidanganyane, mtoto mwenye usonji anacheka. Anakumbatia. Anampenda mama yake na analia akiondoka. Kuna watu wakiona mtoto anadeka wanasema "huyu hawezi kuwa nao", hiyo haina msingi, kinachopimwa ni namna anavyowasiliana na sio kama ana upendo. Wazo kwamba wamama ndo walisababisha kwa ubaridi wao lilikuwepo kweli, lilianza kujengeka baada ya daktari Leo Kanner kuandika mwaka 1943 juu ya watoto 11, likatesa familia kwa zaidi ya miaka 20, mpaka watu kama Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, walipoliangusha kuanzia 1964. Halijafa vizuri. Bado kuna shangazi mahali fulani anamwambia mtu "ni vile ulimwacha na dada wa kazi".

Jina. Hili linahitaji aya yake kwa sababu ndo testi ambayo kila mzazi anaifanya nyumbani na karibu wote tunaifanya vibaya. Kugeuka ukiitwa jina kunatarajiwa karibu na miezi 9. Kwanza kama mtoto ana miezi 5, acha, bado. Pili, ukishaanza kuwa na hofu unaita mara arobaini kwa siku, kila baada ya dakika chache, na kila anapogeuka hakuna kitu, ni mama tu anamkodolea macho kama mtahini. Mtoto yeyote mwenye akili ataacha kugeuka. Ukitaka kujua, kaa siku mbili tatu bila kumwita ovyo, halafu siku anacheza na kitu cha kawaida (sio katuni, katuni inamshinda hata mtu mzima) kaa mbali kidogo nyuma yake, muite mara moja kwa sauti ya kawaida, subiri. Muite tena. Kama hageuki, fanya kelele nyingine nyuma yake, fungua pakiti ya kitu anachokipenda. Asipogeukia hata hiyo, fikiria masikio. Akigeukia pakiti kila mara lakini jina kamwe, wiki nenda wiki rudi, na ana mwaka tayari, hilo liandike umpelekee daktari.

Na masikio nisiyapite haraka. Mtoto mwenye usikivu hafifu hageuki ukimwita, anachelewa kuongea, anaonekana yuko dunia yake. Wakati mwingine ni majimaji tu yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, anasikia kama mtu aliye chini ya maji, leo anasikia kesho hasikii. Hata kama alipimwa akiwa mchanga akafaulu, apimwe tena. Mtaalamu anayezungumzia usonji bila kuulizia kipimo cha masikio, mimi ningemuuliza mwenyewe.

Mtoto njiti anahesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, sio aliyozaliwa. Aliyezaliwa miezi miwili kabla na sasa ana miezi 8, mpime kama wa miezi 6, wazazi wengi wanasahau hili wakaumia bure. Nyumba yenye lugha mbili au tatu haisababishi usonji na wala haina haja ya kuacha lugha ya bibi. Skrini nazo, Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 kwamba chini ya mwaka mmoja zisiwepo kabisa na akiwa na miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Kumpa mtoto simu kutwa nzima kunakula muda wa kupokezana, na mtoto akikaa hivyo anaweza kuonekana hageuki, haongei, hachezi na watu. Kuizima ni jambo zuri kwa mtoto yeyote. Lakini wale wanaouza maneno ya "usonji wa simu" unaopona ukizima simu, waache, mtoto mwenye usonji hakuupata kwenye simu na anayebadilika sana baada ya kuzima alikuwa na shida nyingine.

Chanjo, kwa kifupi, maana lile dai kwamba inasababisha usonji limejibiwa. Lilitoka kwenye karatasi ya daktari Andrew Wakefield ya 1998, watoto 12 tu, jarida la Lancet likaifuta 2010 na mwenyewe akafutiwa usajili wa udaktari Uingereza mwaka huohuo. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019, waliochanjwa surua hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kinachowachanganya wazazi ni kalenda: chanjo ya surua inaangukia kwenye miezi ileile ambayo maneno na kidole vinatakiwa kuonekana, kwa hiyo kukosekana kwake kunaanza kuonekana wakati huohuo.

Kuna kitu kingine cha wakati ambacho kinawaumiza wazazi sana, kule kupotea. Mtoto alikuwa na maneno manne matano, anapunga mkono, halafu kati ya miezi 15 na 24 vinaanza kufifia, maneno yanakwenda moja moja, macho yanapungua. Hii inatokea kwa sehemu ya watoto wenye usonji, sio wote. Na ni katika yale mambo machache ambayo hayana "tusubiri tuone". Kupoteza neno au ishara ya mawasiliano aliyokuwa nayo, katika umri wowote, nenda. Usikubali kuambiwa anajisahau, au kwamba amepata mdogo wake ndo maana.

Kufifia huko kunaweza kuwa taratibu sana kiasi kwamba jicho la nyumbani halioni. Warren Jones na Ami Klin, Marekani, walichapisha 2013 utafiti wao wa kupima kwa mashine pale watoto wachanga wanapotazama wakionyeshwa video ya mtu anayewaongelesha. Wale ambao baadaye waligundulika na usonji, wakiwa na miezi miwili walitazama macho kama wenzao tu. Kati ya miezi 2 na 6 kule kutazama macho kukaanza kushuka, polepole. Sasa usiende kuhesabu sekunde nyumbani, mabadiliko hayo yalionekana kwa mashine na kwa kupima mara nyingi, sio kwa mzazi kuinama kwenye kitanda cha mtoto. Ninachokichukua mimi humo ni kwamba mwelekeo wa miezi mingi unasema zaidi ya siku moja, na kwamba kwa miezi 6 ya mwanzo hakuna binadamu anayeweza kumwangalia mtoto wako akakwambia ana usonji au hana. Anayekwambia ana uhakika kwa mtoto wa miezi 5, kupitia video ya sekunde 30, anakudanganya, hata kama ana koti jeupe.

Nikija kwenye dodoso, yaani maswali ya mzazi kujaza kuhusu mtoto, kuna moja linaloitwa M-CHAT linalozunguka sana. Ni zuri, toleo lake la sasa (M-CHAT-R) lina maswali 20, ndiyo au hapana, alama 0 mpaka 2 ni hatari ndogo, 3 mpaka 7 ya kati, 8 kwenda juu kubwa. Lakini limetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Ukimjazia mtoto wa miezi 8 litakupa alama za kutisha, lazima, kwa sababu linauliza kama ananyoosha kidole, kama anaigiza, kama anatembea. Hata kwa umri sahihi, alama za kati zinatakiwa zifuatwe na mahojiano ya pili ambapo mtu anakuuliza upya kila swali ulilokosa, na watu wengi mtandaoni hawafiki hapo, wanaona namba nyekundu wanalia. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta kuwa watoto waliobaki na alama za hatari hata baada ya mahojiano hayo, karibu nusu ndo walikuwa na usonji, ila zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa na kuchelewa au shida fulani ya ukuaji. Kwa hiyo sio hukumu, na pia sio kitu cha kutupa kapuni.

Ukifika kwa mtaalamu wa kweli, usishangae kuona haangalii mikono ya mtoto kwa muda mrefu. Wanacheza. Anatoa kikopo cha mapovu ya sabuni, anapuliza, mapovu yanaruka, mtoto anafurahi. Anapuliza tena. Halafu anafunga kifuniko kwa nguvu, anaweka kikopo mbele ya mtoto, ananyamaza. Hapo ndo kazi yenyewe. Mtoto mmoja anachukua kikopo, anashindwa kukifungua, anamtazama mtu usoni, anamrudishia, anatoa sauti, anatazama tena. Mwingine anachukua kikopo anahangaika nacho peke yake, au anashika mkono wa mtaalamu anauweka juu ya kifuniko bila kuinua macho, anautumia mkono ule kama kifaa. Mwingine anaachana nacho anaenda zake dirishani. Kwa dakika hiyo moja kuna habari nyingi kuliko video zako zote za kupigapiga mikono. Na bado hawaamui kwa mapovu peke yake, wanauliza historia, wanaangalia lugha, uelewa, masikio. Mtaalamu mzoefu anaweza kuwa na jibu la kuaminika mtoto akiwa na miaka 2. Chini ya hapo mara nyingi jibu ni "tunaona hiki na hiki, tuanze msaada, turudi".

Na msaada hausubiri jina la ugonjwa, hili wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto asiyeongea anasaidiwa kuongea, asiyepokezana anasaidiwa kupokezana, cheti kije baadaye au kisije. Australia walichapisha utafiti 2021, watoto wa miezi 9 mpaka 14 walioonyesha dalili za mapema. Familia zingine zilipata huduma za kawaida, zingine zikaongezewa mtu anayekuja nyumbani kwa miezi 5, anarekodi mzazi akicheza na mtoto, halafu wanakaa chini kuitazama ile video pamoja: hapa alikuita, ona, alikuita hivi kwa bega, wewe ukawa unaongea. Walipofika miaka 3, kundi la kwanza 9 kati ya 44 walifikia vigezo vya usonji, kundi la video 3 kati ya 45. Ni utafiti mmoja, watoto wachache, na haimaanishi kuwa usonji ulizuiwa. Ila angalia walichofundisha: sio kumrekebisha mtoto, ni mzazi kujifunza kuona ishara ndogo za mtoto huyu ambazo hazifanani na za watoto wengine, na kuzijibu. Kitu ambacho unaweza kuanza leo na mtoto mwenye usonji, asiye nao, na ambaye bado hajulikani. Shuka sakafuni, kaa mbele yake, fuata anachokitazama badala ya kumvuta atazame unachotaka, akitoa sauti irudie, halafu nyamaza umsubiri kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Ukiamua kwenda, usiende na sentensi ya "nahisi ana usonji", daktari aliyechoka atakujibu "hapana, mbona anacheka". Nenda na vitu. Sema: ana miezi 14, hageuki akiitwa ila anageukia pakiti, hapungi mkono, alikuwa anasema mama na ameacha tangu wiki tatu, na hizi hapa video tatu. Moja anacheza peke yake, moja anakula, moja yuko na wewe mnacheza. Zisiwe za dakika kumi. Omba masikio yapimwe na omba tarehe ya kurudi, tarehe kabisa, sio "akibadilika utaniambia". Ukijibiwa "wa kiume huchelewa, subiri", ni kweli watoto wa kiume wanagundulika na usonji zaidi ya mara tatu ya wa kike, sasa hiyo inakuwaje sababu ya kusubiri? Na wa kike nao wanapitwa kwa sababu hiyohiyo ya kudhaniwa kuwa sio wao. Ukiona husikilizwi, tafuta mwingine.

Na kama umeenda na mtoto wa miezi 8 wakakwambia yuko vizuri, pumzika, acha kumtahini, futa hizo klipu. Ila chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kila mtoto apitishwe kwenye uchunguzi wa usonji akiwa na miezi 18 na tena 24, awe na dalili au asiwe nazo, kwa hiyo tarehe hizo mbili ziandike kwenye kadi yake ya kliniki na umpeleke hata kama utakuwa huna wasiwasi tena.